Dawa ni bure, nauli ni ya nani?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi dirisha bado halijafunguliwa na foleni imeshapinda kona ya jengo. Nilikwenda kumsindikiza jirani yetu, fundi rangi, ambaye miaka tisa ya ujana wake iliishia kwenye unga, yaani heroini. Watu wanapiga soga kama foleni nyingine yoyote ya Dar es Salaam: Simba na Yanga, bei ya mchele, nani kahama mtaa. Dirisha likafunguliwa. Kila mmoja anataja namba yake, muuguzi anaangalia picha kuhakikisha sura ni ileile, anapima kimiminika, anamimina kwenye kikombe kidogo cha plastiki. Unakunywa palepale, unashushia maji, kisha unatamka neno lolote, "asante", "shikamoo dada", ilimradi kinywa kionekane kitupu. Haizidi nusu dakika. Fundi akafuta mdomo kwa kiganja, akanigeukia: "Tayari. Hapo mpaka kesho."

Wengi wakisikia habari ya methadoni, yaani hicho kimiminika cha kikombeni anachopewa aliyezoea heroini, huuliza kama kweli inasaidia. Inasaidia, na wataalamu wanalijua hilo tangu miaka ya 1960. Kinachosumbua ni ile "mpaka kesho". Mtu afike vipi dirishani, na akishafika, arudi vipi kesho, keshokutwa, siku ya mafuriko, siku ya msiba, siku ambayo mfukoni hana hata shilingi?

Tuanze na unga wenyewe. Heroini ni jamii ya afyuni. Ikiingia mwilini hukimbilia kwenye vipokezi vya ubongo ambavyo kazi yake ya asili ni kutuliza maumivu, na hufika kwa kasi. Starehe hupanda haraka na kushuka haraka, saa chache tu. Mtu akishazoea, habari ya starehe inaisha kabisa. Anachokimbia ni arosto: miayo isiyokoma, machozi na kamasi, vinyweleo kusimama, tumbo kuharisha, mifupa kuuma kana kwamba kuna anayeisaga, na usiku usio na usingizi hata dakika moja. Kete ya asubuhi inamtoa kitandani, ya mchana inamfikisha jioni, ya jioni inamlaza. Katikati ya kete na kete kuna kazi moja tu, kutafuta hela ya kete ijayo. Ukiona teja anakimbia na betri ya gari ya watu, usidhani anakwenda kustarehe.

Methadoni nayo ni jamii hiyohiyo ya afyuni. Iligunduliwa Ujerumani, karibu na kipindi cha Vita Kuu ya Pili, kama dawa ya maumivu. Tofauti iko kwenye mwendo wake. Inapanda taratibu, haina ule mshtuko wa starehe, na inakaa mwilini siku nzima au zaidi. Huko New York, daktari Vincent Dole na daktari wa magonjwa ya akili Marie Nyswander, pamoja na daktari kijana Mary Jeanne Kreek, waliwapa wagonjwa wachache waliokuwa wameshindikana kila mahali. Mwaka 1965 Dole na Nyswander wakachapisha matokeo ya wagonjwa 22. Watu waliokuwa wakizunguka mitaani kutwa kutafuta kete walianza kuzungumzia shule na kazi. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni kwenye orodha ya dawa muhimu, pamoja na nduguye bupenofini, ambayo huwekwa chini ya ulimi.

Hapa ndipo lawama ya kawaida huingia, nami nimeisikia misikitini, makanisani na kwenye vijiwe vya kahawa: "Si amebadilisha ulevi tu? Katoka kwenye unga, kaingia kwenye juisi ya serikali." Kwa upande mmoja wana haki. Mwili wa fundi unaitegemea methadoni, na akiikosa siku mbili tatu arosto inarudi. Lakini kutegemea dawa na kuishi maisha ya teja ni vitu viwili. Akishapata dozi yake sahihi hasinzii wala haleweshwi. Anapanda ngazi ya ghorofa ya tatu na ndoo ya rangi mkononi, anashika brashi na mstari unanyooka. Huyu ndiye yuleyule ambaye mama yake alikuwa anafunga jiko kwa kufuli ili masufuria yasiuzwe.

Kwa hiyo swali la "utaacha lini methadoni?", ambalo ndugu huanza kuliuliza mwezi wa pili, limekaa vibaya. Faida ya tiba hii inapatikana mtu akiwa ndani yake. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 19 na wagonjwa zaidi ya 120,000 wa methadoni. Waliokuwa ndani ya tiba walikufa kwa kiwango cha watu kama 11 kati ya 1,000 kwa mwaka. Waliotoka, 36. Wiki nne za kwanza baada ya kutoka ndizo mbaya zaidi, na sababu yake ni nyepesi kueleweka: mwili umepoteza uzoefu, mtu anarudi maskani, kijiweni kwa mateja, akidhani bado ni yule wa zamani, anajidunga kiasi kilekile cha zamani, na pumzi inakata. Ndugu anayemshinikiza kijana aache haraka "awe msafi" hajui anamsukumia wapi.

Mlango wenyewe ulivyojengwa

Heroini ilianza kushuka katika pwani yetu miaka ya 1980, ikisafirishwa kutoka Asia kwa majahazi na kwa ndege. Mwanzoni watu walivuta. Kufikia miaka ya 2000 kujidunga kulikuwa kumeshaenea Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, na sindano moja ilizunguka mikono mingi. Virusi vya Ukimwi vikapata njia ya mkato, pamoja na homa ya ini.

Hofu hiyo ya Ukimwi ndiyo iliyofungua mlango wa methadoni. Mauritius ilitangulia mwaka 2006. Februari 2011 Tanzania ikaanza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na ikawa nchi ya kwanza ya bara, kusini mwa Sahara, kuitoa tiba hiyo kwa mpango wa serikali. Mwananyamala na Temeke zikafuata, Zanzibar ikafungua Kidongo Chekundu, baadaye mikoa mingine kama Mbeya, Mwanza, Dodoma na Tanga. Kenya ilianza Desemba 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, na mwaka uliofuata huduma ikafika Malindi. Fedha nyingi za mwanzo zilitoka mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, PEPFAR.

Mwenye fedha huja na masharti yake. Kwa kuwa lengo lilikuwa kuzuia Ukimwi, waliotangulizwa walikuwa wanaojidunga. Kijana aliyekuwa anavuta kokteli, yaani unga uliochanganywa na bangi na tumbaku, alikuwa na arosto ileile, wizi uleule na mama yuleyule anayelia, lakini mkono wake haukuwa na alama za sindano. Kwa lugha ya upole aliambiwa hajaumwa vya kutosha. Sharti hilo limelegezwa kadiri vituo vilivyoongezeka, ila fikra iliyolizaa bado ipo, kwamba tunatibu virusi na mtu mwenyewe anafuata baadaye.

Njia ya kuingia nayo ina hatua zake. Kwa kawaida mtu hakurupuki tu akafika dirishani. Mwelimishaji rika, mara nyingi naye teja wa zamani, anamkuta maskani, anamzoea, anampeleka kwenye asasi inayofanya kazi mtaani. Anahudhuria vikao kadhaa kuonyesha ana nia. Anatakiwa aje na ndugu wa kumsimamia. Anapimwa mkojo, virusi vya Ukimwi, kifua kikuu na ini. Kila hatua ina sababu, sikatai. Lakini hebu zipange hatua hizo kwenye siku ya mtu ambaye kila baada ya saa sita mwili unamdai. Kikao cha Jumanne saa nne asubuhi kwa mtu wa arosto ni kama miadi ya mwaka ujao. Na ndugu wa kumsimamia atoke wapi, ikiwa aliuza televisheni ya dada na mabati ya mjomba? Fundi alisimamiwa na mpangaji mwenzake, mzee wa watu muuza maji. Ndugu wa damu walikuja mwaka wa pili.

Dozi ndogo, uvumi mkubwa

Siku ya kwanza dozi huwa ndogo, kawaida miligramu 30 au chini ya hapo. Methadoni inajikusanya mwilini. Dozi ya leo hukutana na masalia ya jana na ya juzi, na inachukua siku kama tano kiwango kutulia. Muuguzi akipandisha haraka anaweza kumuua mgonjwa siku ya tatu kwa dozi ambayo siku ya kwanza ilionekana haitoshi. Basi anapandisha kidogokidogo, na wakati huo mgonjwa anasikia nafuu mchana na arosto usiku. Katika wiki hizo mbili tatu wengi huongezea kete ya usiku, wanaona aibu, na wengine hawarudi tena. Laiti kila aliyeanza angeambiwa siku ya kwanza, kwa maneno matupu: "Wiki mbili hizi utateseka kidogo, si kwamba dawa haifanyi kazi."

Wengi hutulia kwenye miligramu kati ya 60 na 120. Ufuatiliaji wa wagonjwa wa mwanzo wa Dar es Salaam ulionyesha jambo ambalo tafiti za nchi nyingine zinalikubali: waliokuwa kwenye dozi ndogo ndio waliotoroka zaidi. Ajabu ni kwamba mara nyingi ni mgonjwa mwenyewe anayekataa kuongezewa. Maskani wanasema methadoni inakula mifupa, kumbe maumivu hayo ya mifupa ni arosto ya dozi isiyotosha. Wanasema inaua nguvu za kiume, na hapo kuna chembe ya ukweli, kwani dawa za jamii ya afyuni, heroini ikiwemo, zinaweza kushusha homoni ya kiume. Tatizo hilo linazungumzika na daktari, ila nani atalizungumza mbele ya dirisha, watu hamsini nyuma yake wanasikiliza?

Kuna jambo moja ambalo laiti lingeandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Mgonjwa wa methadoni akigundulika na kifua kikuu anaanzishiwa dawa zenye rifampisini. Rifampisini inaliamsha ini, na ini lililoamka linaichoma methadoni kwa kasi kuliko kawaida. Ndani ya wiki moja hivi, mtu aliyekuwa ametulia miezi minane anaamka saa nane usiku anatoka jasho na kupiga miayo. Dozi ni ileile, kikombe ni kilekile. Anachohitimisha ni kitu kimoja: "Wameanza kuchanganya maji." Uvumi huo ukishaingia foleni nzima inaumwa. Mwingine anaacha methadoni, mwingine anafanya hesabu ya hatari zaidi, anaacha dawa za kifua kikuu kwa sababu ndizo zilizoanza juzi. Baadhi ya dawa za zamani za Ukimwi, nevirapini na efavirenzi, zilikuwa na tabia hiyohiyo. Hizi za sasa zenye dolutegraviri hazina ugomvi huo na methadoni, na ni nafuu kubwa. Kwa mwenye kifua kikuu, tiba ni kumuonya mapema na kumpandishia dozi, halafu kukumbuka kuishusha rifampisini ikiisha. Hilo linawezekana kama daktari wa kifua kikuu na muuguzi wa dirishani wanaongea. Wakikaa majengo mawili yasiyosalimiana, mgonjwa ndiye anayelipia.

Nauli

Sasa tufike kwenye kitu ambacho hakimo kwenye vitabu vya famasia. Methadoni haiuzwi, dirishani hulipi hata senti. Tuseme daladala ni shilingi 600 kwa ruti moja. Fundi anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi: 2,400 kwa siku, 72,000 kwa mwezi. Hakuna Jumapili, hakuna sikukuu, maana arosto haijui kalenda. Kwa kibarua wa kupaka rangi ambaye wiki nyingine anaitwa siku mbili tu, hiyo ni kodi ya chumba. Wapo wanaotembea saa mbili kwenda na mbili kurudi, na wakishafika wamechoka, hawana haraka ya kuondoka. Wanakaa nje ya geti. Wauza unga si wajinga, wanajua kila asubuhi pale kuna watu waliokuwa wateja wao, na wao pia huja kukaa nje ya geti.

Halafu kuna kazi. Tajiri wa ujenzi anataka mafundi saa moja kamili. Dirisha linafunguliwa asubuhi na foleni ina watu mia na zaidi, kwa hiyo fundi anafika saitini saa tatu. Anasema alikuwa hospitali. Kesho tena hospitali. Keshokutwa tena. Ama aseme ukweli aonekane teja, ama aonekane mvivu. Tiba iliyomrudishia uwezo wa kufanya kazi ndiyo hiyohiyo inayomnyima kazi, na sijui neno jingine la kuita hali hiyo isipokuwa kichekesho kibaya.

Malindi na mwambao wote wa kule kuna wavuvi. Mvuvi akienda dago anaweza kukaa kambini siku kadhaa au wiki, akifuata samaki. Methadoni ya kunywa mbele ya muuguzi kila siku ina maana achague bahari au dirisha. Na mvuvi asiyeingia baharini ana saa nyingi mno za kukaa bure.

Jawabu linalotajwa kila mahali ni dozi ya kwenda nayo nyumbani. Mimi naliunga mkono, lakini wanaoliogopa wana hoja ya kweli. Kikombe kinachomtuliza fundi kinaweza kumuua mtu mzima asiyezoea, na mtoto akikinywa akidhani ni sharubati hamalizi usiku. Kuna pia kuuza: mwenye njaa aliyebeba chupa yenye thamani maskani anajaribiwa. Nchi nyingine zimepita katika hofu hiyohiyo. Machi 2020, korona ilipoingia, Marekani iliruhusu wagonjwa waliotulia wapewe dozi za hadi siku 28, jambo ambalo awali lilihitaji mtu awe amekaa ndani ya tiba miaka miwili, na mwaka 2024 ruhusa hiyo ikaingizwa moja kwa moja kwenye kanuni. Ufaransa ilichukua njia nyingine kabisa tangu katikati ya miaka ya 1990: daktari wa kawaida wa mtaani aliruhusiwa kuandika bupenofini na mgonjwa akaichukua duka la dawa. Bupenofini ina sifa yake. Inakikalia kipokezi cha ubongo vizuri lakini haikisukumi mpaka mwisho, hivyo ni vigumu zaidi kukata pumzi ya mtu. Kati ya 1995 na 1999 vifo vya kuzidisha dozi Ufaransa vilishuka kwa asilimia 79. Sehemu ya dawa hiyo iliuzwa mitaani, ndiyo, na Wafaransa walilijua. Waliamua kulivumilia kwa sababu makaburi yalipungua.

Kwetu si lazima turuke moja kwa moja hadi siku 28. Kisanduku chenye kufuli, dozi ya Jumapili tu kwa aliyetulia miezi sita, au gari linalozunguka na kikombe kuwafuata wagonjwa wa pembezoni kungeokoa nauli nyingi.

Wanaokosekana kwenye foleni

Asubuhi ile nilihesabu wanawake wanne. Hawakosekani kwa sababu hawatumii unga. Anayeishi na mwanamume anayetumia mara nyingi mwanamume ndiye mshika hela, na hapendi mwenzake apone kabla yake. Anayefanya biashara ya ngono analala alfajiri, saa ambayo foleni inaanza. Mwenye mtoto mgongoni hataki kusimama saa nzima katikati ya wanaume wanaomfahamu kwa jina la maskani. Mwanamke akiwa teja anatukanwa mara mbili, kwa unga na kwa uanawake.

Mjamzito ndiye anayestahili kupitishwa mbele ya wote. Kumkatisha heroini ghafla kunaweza kuhatarisha mimba, na methadoni inampa mtoto damu tulivu badala ya ile inayopanda na kushuka mara nne kwa siku. Miezi ya mwisho dozi mara nyingi inabidi iongezwe, kwa kuwa mwili umebeba damu na maji zaidi. Mtoto anaweza kuzaliwa na arosto, inatibika wodini, na mama anaruhusiwa kunyonyesha. Nimewahi kumsikia mkunga mmoja akimwambia mama wa methadoni kwamba maziwa yake ni sumu. Aliyasema kwa sauti, wodi nzima ikasikia. Mama huyo hakurudi kliniki ya watoto mpaka mtoto alipoota meno.

Ramadhani nayo ina yake. Dini imemruhusu mgonjwa kula, na masheikh wanaoijua habari hii husema hivyo. Lakini mtu aliyerudi msikitini baada ya miaka kumi hataki kuwa yule asiyefunga. Methadoni inakaa siku nzima, hivyo kitabibu hakuna kinachozuia dozi ihamishwe polepole hadi baada ya futari. Kinachotakiwa ni mtu wa kukaa dirishani jioni.

Polisi wanajulikana. Msako ukipita Ijumaa usiku, mgonjwa wa methadoni anabebwa na wengine, na mpaka Jumatatu ameshakosa vikombe vitatu. Mahabusu anatapika, askari anasema anajifanya.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90. Huduma za methadoni kwetu zilikuwa zimejengwa kwa sehemu kubwa kwa fedha hizo. Chupa ya dawa ni sehemu moja tu ya gharama. Posho ya mwelimishaji rika anayekwenda maskani kumtafuta aliyekosa siku mbili, hiyo ndiyo huwa ya kwanza kukatwa, na asipokwenda hakuna mwingine anayejua mtu huyo yuko wapi.

Mama yake fundi alifariki Lindi, wiki mbili kabla ya Idi. Fundi alipewa taarifa saa tano usiku, basi lilikuwa linaondoka alfajiri, dirisha bado limefungwa. Alikuwa kwenye miligramu 90 na miezi kumi na nne bila kete hata moja. Siku ya pili ya matanga vinyweleo vikaanza kusimama. Siku ya tatu alikuwa anaharisha, na shangazi zake wakasema ni uchungu wa mama. Siku ya nne alimtafuta mtu mjini Lindi. Hakuwa na shida kumpata.

Alirudi Dar baada ya siku tisa, na alikaa mbili zaidi akiogopa kusemwa. Siku ya kumi na mbili alisimama kwenye foleni, akataja namba yake. Muuguzi akaangalia tarehe ya mwisho. Mtu aliyekosa siku zote hizo hapewi dozi yake ya zamani, kwa sababu mwili haujui tena kuibeba. Anaanza upya.

"Siku kumi na moja," muuguzi akasema. "Ulikuwa wapi?"

"Lindi. Msiba."

"Pole. Tunaanza thelathini."

Ilichukua karibu wiki sita kurudi tisini. Kazi ya kupaka rangi ghorofa la Mbezi ilikuwa imeshapewa mtu mwingine.